Bibi anayevusha watoto wetu njia ya Ujiji, tumshukuruje? Naombeni mawazo wadau

Mama Pacha wa Mwanga:

Mwakeye wana Kigoma, na wengine wote mliomo humu habari zenu.

Nina jambo naomba mnisaidie. Huku kwetu Mwanga njia ya kwenda Ujiji kuna shule ya msingi ipo upande mmoja wa lami na nyumba nyingi zipo upande wa pili, kwa hiyo kila asubuhi na kila mchana kundi zima la watoto lazima likate barabara. Na barabara yenyewe mnaijua, hiace zinakimbizana kugombea abiria, boda, bajaji, baiskeli zimebeba magunia ya mkaa mpaka mwendeshaji haonekani, malori yanatoka bandarini, na wote hao wana haraka. Sasa pale kwenye kivuko kuna bibi ana genge lake, anauza nyanya, vitunguu na dagaa, huyu bibi ndo anavusha watoto wetu. Hajaajiriwa, hajatumwa na mtu, halipwi hata mia. Alianza baada ya mtoto wa darasa la pili kugongwa na pikipiki pale pale mbele ya genge, mtoto alivunjika mguu akapona, ila bibi toka siku hiyo akasema mimi siwezi kukaa hapa napanga mafungu ya nyanya huku naangalia watoto wanakimbizana na magari.

Mngemwona anavyofanya. Ana kibao kajitengenezea, mfuniko wa ndoo ya rangi umepigiliwa kwenye mti wa fagio, kapaka nyekundu pande zote mbili, fundi seremala wa jirani kamwandikia SIMAMA kwa nyeupe. Watoto wakifika anawapanga nyuma ya mtaro, hakuna kuvuka mmoja mmoja, anasubiri wawe kundi. Anaingia yeye kwanza barabarani kibao kiko juu, anamwangalia dereva usoni, na gari likipunguza tu mwendo bado hawaruhusu, mpaka matairi yasimame kabisa ndo anageuka anawaambia "haya". Wale wa chekechea wanamshika khanga huku na huku. Yeye anatoka wa mwisho. Na anawajua wote, huyu mama yake ni nani, huyu leo mbona hana viatu, huyu jana hakuja kwa nini. Mmoja wa mapacha wangu alipougua malaria bibi alinifuata mpaka sokoni kuniuliza mbona namuona mmoja tu anavuka, mwenzie yuko wapi. Jamani huyu ni ndugu au sio ndugu?

Sasa wazazi kadhaa tumekaa tukasema mahafali ya darasa la saba yanakuja, tumwite mbele ya watu tumshukuru. Hapo ndo tukagawanyika. Wengine wanasema tuchange hela tumpe mkononi kimya kimya, wengine wanataka doti za khanga na cheti, kuna mzee mmoja kwenye kamati anaona cheti peke yake kinatosha. Mimi moyoni naona bado hakitoshi ila sijui kinachotosha ni kipi. Je, kuna sehemu mmefanya kitu kama hiki, mlifanyaje? Na huko nje watu wa kazi hii wanatambuliwaje? Naombeni msinijibu kwa mkato, nikienda kwenye kikao nataka niwe na la kusema.

Mwaloni Kibirizi:

Dada hongera kwa kuliona hilo, wengi tunapita tu. Mimi nasema hela, na nitakwambia kwa nini. Ile asubuhi anayosimama barabarani ndo saa ya biashara, watu wanapita kuchukua nyanya na kitunguu cha kuanzia siku, yeye kaacha genge anavusha watoto. Mchana hivyo hivyo. Kwa hiyo bibi anatoa hela mfukoni kwake kila siku ila hamuioni kwa sababu ni hela ambayo hajaipata. Cheti hakirudishi hiyo. Khanga nzuri lakini khanga ni ya siku moja. Wekeni mchango wa kila mwezi, hata buku buku kwa kila mzazi mwenye mtoto anayekata lami, mpatieni kwa simu.

Ticha Gungu:

Shikamoo kwa wakubwa. Mimi ni mwalimu, shule nyingine lakini barabara ni zile zile, na naomba niongeze kitu ambacho watu wa Kigoma tumekizoea mpaka hatukioni tena. Sisi saa zetu ni zile zile za Dar es Salaam ila tuko magharibi mwisho wa nchi, jua linatufikia kama dakika 40 baada ya wao. Mwezi wa pili na mwezi wa saba huku jua linachomoza saa moja imeshapita. Mtoto anatakiwa awe shuleni mapema afagie, kwa hiyo anatoka nyumbani giza, anakata barabara giza, kavaa sweta la bluu au la kijani iliyokolea ambalo dereva halioni mpaka awe karibu kabisa. Na bibi naye amesimama katikati ya lami giza hilo hilo na khanga yake. Kwa hiyo kabla ya cheti, kabla ya hela, mpeni koti lenye reflekta. Lile la njano lenye mistari inayorudisha mwanga wa taa. Na kile kibao chake kibandikwe ile karatasi inayong'aa wanayoweka nyuma ya malori, mafundi wanazo. Hivyo vitu havina bei kubwa na ndo vitamfanya aonekane.

Lingine, nawaona wazazi wengine wanauliza kwani mtoto wa miaka saba hawezi kuvuka mwenyewe, mbona sisi tulivuka. Tulivuka barabara ya vumbi yenye gari moja kwa saa. Mtoto mdogo kukadiria kwamba gari lile linakuja kwa spidi gani na litafika hapa muda gani ni kitu ambacho akili yake bado haijakomaa kukifanya, anaona gari liko mbali basi anajua ana muda. Halafu ni mfupi, gari likiegeshwa haoni mbele na dereva hamuoni. Shirika la Afya Duniani (WHO) wanasema ajali za barabarani zinaua watu kama milioni 1.19 kwa mwaka duniani, na kwa watu wa miaka 5 hadi 29 ndo chanzo namba moja cha vifo. Nikimuona mtu kama bibi yenu namuona ni mwenzangu wa kazi kabisa, maana mimi siwezi kumfundisha kusoma mtoto ambaye hajafika.

Na muangalie pia uwezekano wa kumpa wasaidizi. Zipo shule hapa nchini trafiki wanakuja kuwafundisha wanafunzi wakubwa kuvusha wenzao kwa vibao. New Zealand wanafunzi wanafanya hivyo tangu 1931 na Ujerumani tangu 1953, kwa hiyo sio jambo geni. Ila mimi nisingependa mtoto wa darasa la sita atangulie barabarani, akae nyuma ya mtaro awapange wadogo, katikati ya lami awe mtu mzima.

Kijiwe Katubuka:

Mimi ni boda nasimama hapo Katubuka na njia hiyo napita kila siku. Bibi namjua, sisi tunamwita bibi wa kibao. Niseme ukweli kabisa, madereva wanamheshimu kuliko hata trafiki, kwa sababu trafiki akikusimamisha unawaza amepata sababu, bibi akikusimamisha unaona mtoto. Na akishamaliza anakuinulia mkono, asante baba pita. Kila mtu. Hata hiace. Sasa mtu kakushukuru kesho utampitaje mbio?

Wasiosimama wapo na siwatetei. Wengi ni wapita njia, hawajui kama pale kuna shule maana zebra ilishafutika yote na lile bango la watoto limefunikwa na matawi ya mwembe. Sisi kijiweni tunaweza kuukata huo mwembe upande wa barabara, hilo halihitaji kikao, tupewe tu ruhusa na mwenye nyumba. Na tunaweza kuwa tunatoa mtu mmoja asubuhi asimame upande wa kutokea Ujiji ili bibi asiwe anageuka geuka pande mbili. Wengi wetu watoto wetu wanasoma hapo hapo.

Mtoto wa Ujiji (Leicester):

Mama Pacha umeuliza huko nje wanatambuliwaje, mimi niko Uingereza miaka mingi sasa na wanangu wamevushwa na watu hawa mpaka wamemaliza shule ya msingi kwa hiyo niseme ninachokijua.

Hapa ni kazi yenye sheria yake. Bunge lilipitisha sheria ya kuvusha wanafunzi mwaka 1953, miaka miwili baada ya zebra zenyewe kuanza kuchorwa barabarani, na toka hapo mtu huyu akinyoosha kibao chake dereva lazima asimame, asiposimama ameshavunja sheria, anapigwa faini na pointi kwenye leseni. Kibao ni cha mviringo kwenye mti mrefu, ukikiona kwa mbali ni kama pipi ya kijiti, na koti ni refu la njano linalong'aa mpaka magotini, mvua, barafu, ukungu, wapo. Wengi ni wastaafu, kina mama na wazee, wanalipwa na halmashauri kwa yale masaa machache ya asubuhi na mchana. Mwanzoni ilikuwa wanafunzi tu, toka 2001 wanaruhusiwa kumsimamishia gari mtu yeyote anayevuka, hata bibi kizee mwenye kapu lake.

Lakini msije mkadhani huku ni peponi. Halmashauri hazilazimishwi na sheria kuwa na watu hawa, ni hiari, kwa hiyo hela ikipungua wao ni kati ya wa kwanza kuguswa. Wazazi wanaandamana, wanasaini karatasi, wakati mwingine wanashinda wakati mwingine hawashindi. Nimeona kwa macho yangu kivuko ambacho mama mmoja amesimama miaka na miaka, akastaafu, hakuwekwa mwingine. Siku yake ya mwisho watoto walijipanga pande zote mbili za barabara na kadi walizochora wenyewe, wazazi wengine ni watu wazima ambao yeye aliwavusha wakiwa wadogo, wanalia. Nilikaa nawaza, haya yote angeambiwa miaka kumi nyuma je?

Kwa hiyo ushauri wangu, msingoje bibi achoke ndo mumsherehekee. Na watoto waachieni nafasi wafanye chao, wachore, waandike, waimbe. Wanaovushwa ni wao, sio kamati ya shule.

Semi Trela:

Naongea kama dereva wa lori, mzigo wa bandarini naupeleka Burundi kwa njia ya Manyovu. Bibi nampa heshima zake zote lakini na mimi nisikilizwe.

Spidi ya mjini kisheria ni kilomita 50 kwa saa. Kwa 50 gari linakwenda karibu mita 14 kwa sekunde moja. Yaani toka jicho langu limemuona bibi mpaka mguu unagusa breki nimeshatembea urefu wa basi na zaidi, hapo breki ndo kwanza zinaanza kushika, na nina mzigo, na kama mvua imenyesha lami inateleza. Kwa 30 hiyo sekunde moja ni mita 8 tu. Ndo maana duniani kote sasa wanasema eneo la shule iwe 30. Tatizo dereva mgeni hajui kama ni eneo la shule mpaka ameshafika, kama kijana wa boda alivyosema.

Kwa hiyo mkitaka kumshukuru huyu mama, wekeni matuta au zile rasta, vituta vidogo vidogo vilivyofuatana, kabla ya kufika kivuko, pande zote mbili, nije pale nikiwa nimeshapunguza. Na mwambieni kibao akiinue akiwa bado pembeni, nikione kwanza, kisha ndo aingie. Kingine kikubwa, watu wengi wanagongwa na gari la pili. Mimi nimesimama vizuri kabisa, nyuma yangu kuna hiace au pikipiki haijui kwa nini nimesimama, inatoka inaovateki, na lori langu limewaficha watoto. Hapo ndo wanapokufa. Bibi akishanisimamisha mimi asiwaruhusu watoto wapite pua ya lori langu mpaka yeye mwenyewe achungulie upande wa pili. Namuombea Mungu amlinde.

Kijiwe Katubuka:

Mzee Semi umeongea. Hilo la kuovateki gari lililosimama kwenye kivuko nitalipeleka kijiweni leo leo.

Mwanasheria Mtaani:

Samahani nitakuwa kama namwaga maji kwenye moto ila lazima mtu aseme. Huyu bibi akigongwa na gari wakati anavusha, nani anawajibika? Ameingia barabarani kwa idhini ya nani? Sheria yetu ya Usalama Barabarani ya 1973 inamtaka dereva ampishe mtu aliyeko kwenye kivuko, hilo liko wazi, lakini kivuko chenyewe mnasema alama zimefutika. Na kibao cha mfuniko wa ndoo, pamoja na mapenzi yote yaliyomo, sio alama ya barabarani. Mkimpandisha jukwaani mkampa cheti mkamuacha vile vile, mmemwambia endelea kuhatarisha maisha yako na sisi tunapiga makofi.

Kwa hiyo shukrani ya kweli kwangu mimi ni karatasi. Shule iandike barua, ipitie kwa mtendaji, iende kwa mkuu wa usalama barabarani, aombwe bibi apewe mafunzo na atambulike. Trafiki wanatoa elimu mashuleni, hasa Wiki ya Nenda kwa Usalama ikikaribia, sio kitu kigeni kwao. Afundishwe vitu vidogo tu. Mwongozo wa Marekani kwa mfano unasema mvushaji haongozi magari kama askari, kazi yake ni kuchagua mwanya mzuri kisha anasimama barabarani kuonyesha kwamba watu wanavuka. Bibi yenu kwa maelezo haya anafanya hivyo hivyo bila kufundishwa, lakini akiwa na barua anakuwa na pa kusimamia. Halafu mkatieni bima ya afya. Hela za mkononi zitaliwa, bima itakaa.

Na ya zebra na matuta andikeni barua nyingine. Kama ni barabara kuu au ya mkoa ipo chini ya TANROADS, kama ni ya mtaa ni TARURA. Ambatanisheni picha. Dar kuna kazi imefanywa na Amend, shirika la usalama barabarani, kuzunguka shule za msingi, njia za waenda kwa miguu, matuta, vivuko, mageti kuhamishwa yasitazame barabara kubwa, na mwaka 2019 mradi huo ulishinda tuzo ya kimataifa ya miji inayoitwa WRI Ross. Vitu vyenyewe ni vya kawaida sana, zege, rangi na vyuma. Kwa hiyo msiambiwe haiwezekani.

Mnyamwezi wa Isevya:

Wana Kigoma habari za huko mwisho wa reli, mimi niko Tabora na sisi tulishafanya hiki kitu.

Kwetu alikuwa mzee mstaafu wa reli. Alitumia zile bendera za kazini, nyekundu na kijani, na filimbi, na nidhamu ya reli yote akaileta barabarani, watoto hawavuki mpaka kijani imeshuka. Watoto wakimsalimia anawapigia saluti. Tulipoamua kumshukuru tulikosea... hapana nisiseme tulikosea, niseme wa kwanza kupendekeza alitaka iwe shughuli ya wazazi na walimu tu, mwalimu mkuu akakataa. Akasema waalikeni madereva. Tukapita vijiweni vyote, stendi, hadi wauza maji wenye mikokoteni. Wakaja, sio wote, lakini walijaa. Mzee alikaa mbele, watoto wa darasa la kwanza wakaonyesha igizo la kuvuka barabara, mmoja ni basi, mmoja boda, mmoja ndo mzee mwenye bendera. Kisha mwenyekiti wa boda akasimama akasema mbele ya watoto wote kwamba kijiwe chake kitamtii mzee. Jamani, ile kauli ilifanya kazi kuliko bango. Boda akimpita mzee anaitwa na wenzake anaulizwa.

Zawadi tulimpa baiskeli na dumu la asali, sisi kwetu bila asali hujashukuru mtu. Na mchango wa kila mwezi tulianzisha pia, Mwaloni wazo lako zuri ila ukweli ni kwamba ulikufa kabla ya mwaka kuisha, mkusanyaji akachoka kudai watu. Tulichofanya baadae kamati ya shule iliingiza jina lake kwenye agenda za mkutano wa wazazi, kila mkutano anatajwa, anaelezwa hali yake, anachangiwa pale pale. Ikatulia. Mpaka alipokuja kuumwa wazazi walijua siku hiyo hiyo na kivuko hakikukaa bila mtu.

Bint Kasingirima:

Nimesoma yote, mazuri sana, ila kuna kitu sijakiona popote. Mmemuuliza bibi mwenyewe anataka nini? Mnapanga koti, bima, barua, igizo, yeye yupo pale gengeni anapanga nyanya hajui kama anajadiliwa na watu wa Leicester. Mama Pacha kabla ya kikao nenda ukakae naye. Mnunulie na nyanya.

Mama Pacha wa Mwanga:

Asanteni sana jamani, sikutegemea majibu ya namna hii. Bint Kasingirima nimefanya ulivyosema, jana jioni nimeenda kukaa naye kwenye kigoda mpaka anafunga.

Kwanza la mahafali, nilidhani atakataa kwa sababu ni mtu wa kimya. Hapana. Amesema atakuja na atavaa vizuri, na anaomba amlete dada yake wa Kasulu aone. Amefurahi hasa, aliniuliza kweli mtaniita kwa jina? Kwa hiyo wale wa kimya kimya poleni, bibi anataka kuitwa mbele za watu na ataitwa.

Koti la reflekta nilipomueleza kalipenda, kaongeza na gambuti, maana masika maji yanajaa pale na anasimama na ndala. Hela hakuikataa ila alisema akipata mtu wa kumuuzia genge yale masaa mawili itakuwa bora zaidi, kuna mjukuu wake yuko nyumbani kamaliza shule, anaweza kusimama gengeni kama atapewa kidogo. Kwa hiyo Mwaloni wazo lako litapitia huko, hela inamlipa mjukuu, bibi anakuwa huru.

Halafu akanionyesha kitu ambacho hakuna hata mmoja wetu amekitaja humu, na mimi napita pale kila siku. Ule mtaro. Watoto wanasubiri nyuma ya mtaro, akisema "haya" lazima wauruke kuingia barabarani, wakubwa wanaruka, wadogo wanaruka wanaanguka kwenye lami, au wanabaki nyuma wanaogopa halafu wanakuja mbio peke yao wakati yeye ameshafika katikati. Amesema kinachomkosesha usingizi ni hicho, magari anayaweza. Anataka pafunikwe, upana wa watoto watatu wanne wapite sambamba wameshikana mikono. Alinionyesha kwa mikono yake toka mti huu mpaka jiwe hili.

La barua nitalisimamia mwenyewe na mwalimu mkuu, kaka Mwanasheria nitakutafuta inbox unisaidie kuiandika. Semi nimemwambia la gari la pili, akasema hilo alishaliona na ndo maana yeye anasimama kwenye pembe ya mbele ya gari na sio katikati, mpaka achungulie.

Fundi Rusimbi:

Mama Pacha habari. Huo mtaro naufahamu nimeshapita hapo. Msiweke mbao, mbao zitaoza masika moja na nyingine zitaibiwa. Pigeni slabu ya zege, sio kazi kubwa, nondo kidogo, kokoto, mchanga, mifuko michache ya saruji, na ziwe vipande vipande vyenye mashimo ya kushikia ili mtaro ukiziba watu wa usafi waweze kuvinyanyua. Mkimwaga zege moja zima mtaro utaziba na maji yatakuja barabarani, mtakuwa mmeleta shida nyingine. Ila hapo ni hifadhi ya barabara, msiguse kitu kabla hamjapata kibali, iwekeni humo humo kwenye barua ya matuta. Ufundi natoa bure, vifaa tafuteni. Mwanangu wa kwanza alivushwa na bibi huyo, sasa yuko kidato cha tatu.

Vipimo naweza kuja kuchukua Jumamosi ili barua iende na mchoro, ikienda na mchoro wanaisoma.

Kijiwe Katubuka:

Mchanga na kokoto kijiwe kitabeba. Kuna mwenzetu ana guta.

Mtoto wa Ujiji (Leicester):

Saruji niandikeni mimi. Mama Pacha nitumie namba ya mhasibu wa kamati, nataka ipite shuleni na iandikwe kwenye kitabu.

Mama Pacha wa Mwanga:

Mungu awabariki. Fundi basi Jumamosi saa tatu asubuhi tukutane hapo gengeni, nitakuja na mwenyekiti wa kamati na bibi atakuwepo atuonyeshe mwenyewe panapoanzia na panapoishia. Mwenye tepu ndefu aje nayo.